Meno ya Nakuru

Iko siku moja ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na ikinijia nikiwa kanisani inabidi nijifanye nakohoa. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Bondeni, mjukuu wa fundi wa reli aliyetoka Magharibi mwa Kenya akaja Nakuru na koti moja na maneno mengi. Hayo maneno niliyarithi yote. Shida ilikuwa mdomo wa kuyatolea.

Wewe umekulia Nairobi, kwa hivyo ngoja nikueleze. Maji yetu ya visima yana madini fulani. Ukiyanywa tangu utotoni, meno yanakuwa ya kahawia. Si uchafu, na hayatakati kwa mswaki, usidhani sikujaribu. Nilisugua na majivu, nikasugua na mkaa, siku moja nikasugua na ile sabuni ya unga ya sufuria, nikashinda natema povu mpaka mama akaita majirani. Meno yalibaki vile vile. Basi nikajifunza kucheka nimefunika mdomo kwa kiganja, na baadaye nikaacha kucheka kabisa.

Wakati huo nilikuwa nimeandikwa kazi na Mama Simran, Mhindi wa Kalasinga, mzaliwa wa Nakuru hapo hapo, mwenye kampuni ndogo ya mafuta ya ngozi na rangi ya midomo. Nyuma ya duka alitenga chumba na kumleta mshauri, ili kila Ijumaa wateja na wafanyakazi waingie waseme yanayowasumbua moyoni. Alisema wanawake wengi wananunua rangi kumbe wanatafuta mtu wa kuwaambia wako sawa. Mimi niliwapelekea chai na tishu. Lakini kuketi nao? Wapi! Nilisema mimi si mwendawazimu, asante.

Na kulikuwa na Barasa, dereva wa lori la viazi kutoka Molo. Kila akipita mjini alisimama dukani kunifanyia mzaha, na mimi nageukia ukuta. Huyo mtu nilimpenda, mwanangu, nakuambia wazi, mpaka harufu ya gunia la viazi ilikuwa inanishtua moyo. Yeye angejuaje? Siku moja akachoka.

"Sikiza," akaniambia. "Kila nikikuchekesha unaangalia ukuta. Jumamosi nitapita mara ya mwisho. Kama hunitaki, sema tu, niache kukusumbua."

Jumamosi hiyo hiyo, mpiga picha alikuja kutoka Nairobi. Mama Simran alitaka picha za matangazo, na alitaka sisi wafanyakazi wake, si warembo wa kukodi. Tukapanga mstari. Jamaa akasema tucheke kidogo. Watoto wa Nakuru wote tukabana midomo. Akashusha kamera, akatuangalia kwa huruma.

"Poleni sana. Kwani mmefiwa?"

Mimi nilikuwa na mpango wangu. Nilitafuna chingamu nyeupe, nikaibandika juu ya meno ya mbele na kuilainisha kwa kidole kama fundi anayepiga plasta. Nikajiangalia kwenye kioo. Malkia! Nilipaka rangi nyekundu, nikaketi kitini, nikafungua mdomo. Mpiga picha akaruka kwa furaha. "Aisee! Huyu ndiye!"

Hapo ndipo Barasa akaingia, kofia mkononi.

"Niaje, boss," akamsalimia mpiga picha. Kisha akanigeukia mimi, kwa sauti ya chini: "Habari yako?"

Nikataka kumjibu "nzuri". Chingamu ikanasa kwenye rangi ya mdomo, ikavutika, ikatoka yote kwa pamoja, nyeupe na nyekundu, ikaanguka juu ya kiatu cha mpiga picha.

"Woi! Meno!" akapiga kelele. "Meno yake yametoka!"

Nilifunika uso nikakimbilia mlango. Mama Simran akasimama katikati yake, na alikuwa mama wa kujaza mlango.

"Unaenda wapi? Na haya yangu, je?" Akainua mdomo wa juu kwa kidole. Kahawia, kama yangu. "Si maji ni yale yale! Kila Ijumaa unawapa wengine tishu, na wewe unakufa na jambo la meno. Mimi nauza rangi ya midomo, mtoto, siuzi midomo. Toa huo mkono."

Nikashangaa, mwanangu. Huyo mama alicheka kila siku mbele yangu, na sikuwahi kuona rangi ya meno yake. Niliona tu anacheka.

Nikatoa mkono, machozi yananitiririka. Barasa akasogea, akanichungulia mdomoni kama mtu anayekagua gurudumu.

"Kumbe uko na meno!"

"Unamaanisha nini?"

"Mimi nilijua huna hata moja! Nilishamwambia mama huko Molo, msichana niliyempata ni kibogoyo. Akasema haidhuru, viazi vyetu ni laini."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, mdomo wazi, na mpiga picha akabonyeza kamera. Hiyo ndiyo picha iliyobandikwa dukani, na huyo dereva ndiye unayemwita babu.

Sasa nisikize hapo nyuma ya mlango, kwa sababu nimekuona na hiyo simu yako, unafuta chunusi na kujichonga pua kabla ya kutuma picha, na siku hizi tukija unakula chumbani peke yako. Jipambe, mwanangu, hata mimi bado napaka nyekundu. Lakini kitu kikikunyima kucheka na kuketi na watu, hicho si cha kufichwa. Tafuta mtu umwambie, awe mshauri, awe mimi. Nilichezea miaka yangu mizuri nikiangalia ukuta. Na ujue hili: wanaokupenda walishakuwazia mabaya kuliko hayo unayoficha, na wakakuchagua hivyo hivyo.

Mungu akutulize moyo, akupe watu wa kukuambia ukweli bila kukuumiza, na popote utakapofika ufike na uso wako mwenyewe. Haya, toka huko chumbani, chakula kinapoa.