Bwana Si Kitu na Taa ya Njano

Mlango wa karakana ukilia, seremala alisema si kitu. Mguu ukivimba, si kitu. Mvua ilipopenya paa na kulowesha kitanda chao, alikisogeza upande wa pili, akarudi kulala. Wateja walimpachika jina la Bwana Si Kitu, naye akalipokea kama sifa. Mkewe hakuona sifa yoyote hapo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akisukuma pikapu yao kuukuu barabarani akiwa amevaa viatu vya kutokea.

Kwa hiyo taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi, njano, imekaza macho, mama huyo aliweka msimamo. Binti yao alikuwa amejifungua mjukuu wao wa kwanza, kwenye mji wa mwendo wa nusu siku, na seremala alikuwa amemtengenezea kitanda kidogo ambacho hata yeye mwenyewe alikuwa akienda kukichungulia bila sababu. Jumamosi walitakiwa kukipeleka.

"Gari lenye taa hiyo mimi sipandi," mkewe alisema. "Wewe nenda na kitanda chako. Mimi nitapanda basi."

"Si kitu hiyo, mama. Gari linakwenda vizuri tu."

"Basi litakwenda vizuri bila mimi."

Maneno hayo yalimchoma. Alikuwa ameshajiona wakiingia mlangoni kwa binti yao wawili, bega kwa bega, na sasa angefika peke yake kama mpeleka mizigo. Akachomoa waya wa betri, akaurudisha, taa ikazimika. Siku chache baadaye ikawaka tena. Akabandika kipande chembamba cha mbao juu yake ili isionekane. Jioni hiyo alikikuta kipande hicho kwenye sahani yake ya chakula, kando ya maharage, na mkewe anakula zake.

Ijumaa akasalimu amri, akaenda gereji. Fundi wa hapo alikuwa mwanamama mcheshi ambaye seremala alimtengenezea meza ya kazi miaka ya nyuma, na tangu hapo hawakuacha kutaniana. Alichomeka kipimo chini ya usukani, akasoma, akakuna kichwa.

"Injini yako nzima kabisa, mzee. Ila mvuke wa petroli unavuja mahali. Inaweza kuwa tangi, mipira au kifuniko cha tangi."

"Kifuniko toa," seremala alisema haraka. "Kile nimekichonga mwenyewe."

Fundi akageuka taratibu. "Umekichonga?"

Alikuwa amekichonga kweli. Kile cha kiwandani alikisahau juu ya bodi ya gari kwenye kituo cha mafuta, kikaangukia pasipojulikana. Mtu mwingine angenunua kingine. Yeye aliona ni aibu kwa seremala kununua kitu cha duara, akachagua mbao ngumu, akakichonga mizunguko ya kufungia, akakivisha raba na kukipiga msasa hadi kikang'aa. Alikuwa akisimamisha watu barabarani awaonyeshe.

"Haya, tuanze kwingine," fundi alisema kwa adabu.

Akaunga mashine inayosukuma moshi ndani ya njia za mafuta, ili popote penye upenyo moshi ujitokeze. Seremala akajilaza chini ya gari na tochi, akikagua mipira kwa matumaini makubwa.

"Huku hakuna," alisema. Akasogea. "Na huku hakuna."

"Toka huko uje uone," fundi alimwita.

Ubavuni mwa gari, kwenye kile kifuniko kizuri, moshi ulikuwa ukipanda polepole kama wa chai iliyomiminwa sasa hivi.

"Mbao inapumua, mzee. Si wewe uliyeniambia, siku nilipolalamika kwamba droo ya meza inakwama wakati wa mvua?"

Fundi akafunga kifuniko kipya cha plastiki, akaifuta taa kwa kile kipimo, akampa cha mbao mkononi. "Mama akiniuliza ilikuwa nini, nimwambieje?"

"Mwambie waya."

Njia nzima alifanya mazoezi ya kusema waya. Lakini alipoingia ndani alimkuta mkewe anakunja nguo zake kwenye begi dogo la safari, la mtu mmoja. Akatoa kifuniko mfukoni.

"Ni mimi," alisema. "Ile taa ilikuwa inanisema mimi."

Mkewe alikitazama kifuniko, akamtazama na yeye, akacheka mpaka akakaa juu ya begi. Kisha akakichukua, akakiosha kwa sabuni hadi harufu ya petroli ikapungua.

Asubuhi, kitanda kikiwa kimefungwa kwa kamba nyuma ya pikapu, mkewe alipanda gari, akakiweka kifuniko juu ya dashibodi mbele ya mumewe. Taa ilikuwa imezimika. Seremala aliendesha huku akipiga mluzi, na roho yake nyeupe.

Walipokuwa wameuacha mji nyuma, kitu kikaanza kugonga nyuma kwenye bodi.

"Nini hiyo?" mkewe aliuliza.

"Si..." alianza. Mkewe alinyoosha kidole, akagusa kifuniko.

Seremala akaegesha pembeni, akashuka. Kamba ilikuwa imesagwa na ukingo wa bodi na kubaki uzi mmoja. Kitanda kilikuwa kimeteleza hadi nyuma, mguu mmoja umeshatokeza nje juu ya lami. Alikirudisha, akakifunga upya kwa kamba mbili. Aliporudi kwenye usukani hakuwasha gari.

"Ilikuwa nini?"

"Ilikuwa kitu, mke wangu."

Mkewe akamshika mkono, kisha wakaendelea na safari.