Tundu la Ubao

Tunapiga filamu Njombe. Waigizaji wamechoka kurudia, nami mwongozaji bado siridhiki. Harufu ya mbao mbichi za paina imenirudisha utotoni, Makambako, kwenye chumba chetu cha mabanzi. Tulikuwa wakimbizi, mama aliogopa lafudhi yangu ingetufichua, akanikataza kutoka. Kupitia tundu la ubao niliwatazama watoto wa jirani wakicheza harusi.

Siku moja jicho likachungulia kutoka nje. "We mgeni, unaona?"

"Bibi harusi simwoni."

"Sogeeni, jamani! Mgeni haoni."

Wakasogea. Nikasema, "Tena," wakarudia huku wakicheka. Nilitamani waniite nje, hata kama ningekataa.

Ukungu uliposhuka, mama zao wakawaita kula. Mimi nikaendelea kunong'ona tunduni, "Tena. Mara moja tu."