Harusi ya Vinu Vitatu

Mwaka nilioolewa, Maskati ilikuwa mji wa kuomba ruhusa. Ukitaka kupanda baiskeli, ruhusa. Ukitaka kuvaa miwani ya jua, usitake. Baba yangu aliandika barua kuomba kubadilisha mlango wa nje ulioliwa na mchwa. Barua ikaenda Salala, alikokaa Sultani, na majibu yaliporudi kwamba abadilishe, mlango ulikuwa umekwisha kuanguka wenyewe na mbuzi wa jirani amezoea kuingia kwetu bila hodi. Ngoma ndiyo haikuwa hata na barua. Ilikatazwa, basi.

Sisi tulitoka Unguja mwaka wa sitini na nne, na tuliachiwa kuingia kwa sababu babu yangu aliacha nyumba hapa, ndani ya ukuta wa mji. Baba aliichukua ruhusa ile kama mtu aliyebeba yai kwenye kiganja. Hakutaka jina lake litajwe popote, hata kwa uzuri.

Bibi yangu, mama yake baba, naye alikuwa na jambo lake moja. Mimi nilikuwa mjukuu wake wa kike wa pekee, na alikula yamini kwamba sitoki nyumbani kimyakimya. Alisema mwari asiyepigiwa ngoma huonekana kama ameibiwa. Baba akamwambia ngoma moja tu ikilia, sote tutarudishwa baharini, na tulikotoka hakurudiki. Bibi akasema basi watafute bibi mwingine wa kusimamia harusi. Siku tatu hakula nasi. Alikula mapema, peke yake, kisha akaja kukaa kwenye sinia letu akitutazama tunavyotafuna.

Mimi hakuna aliyeniuliza, na lau ningeulizwa nisingejibu. Nilikuwa naona haya hata kwa yule mbuzi.

Njia aliipata bibi mwenyewe. Kila nyumba ya Maskati ina kinu cha shaba cha kutwangia kahawa, na kinu kile kikipigwa hulia kama kengele. Asubuhi vichochoro vyote hulia, na hakuna askari anayeuliza. Siku ya nne bibi akamwita baba akamwambia, "Mwanangu, nna swali. Kahawa nayo inataka barua?"

Baba akafikiri sana. Mwisho akasema kahawa haitaki.

Basi bibi akaazima. Chetu kilikuwa kinu kikubwa chenye sauti nzito. Jirani wa kulia akatupa cha kati, na wa kushoto akatupa kidogo kinacholia kama njuga. Wiki nzima wanawake wachache wa Unguja tuliokuwa nao mjini walikuja kwetu kujifunza kutwanga upya, watu wazima waliotwanga maisha yao yote, na bibi akawasahihisha mikono. Alikataza kutia buni ndani. Alisema buni hukipa kinu kikohozi.

Siku ya harusi walianza baada ya sala ya adhuhuri. Mimi nilikaa chumba cha ndani nyuma ya pazia, nimefunikwa kanga mbili, mikono na miguu imejaa hina mbichi, siruhusiwi kugusa kitu. Kinu kikubwa kilisema, cha kati kikajibu, kidogo kikacheka. Nyimbo waliziimba ndani ya kanga zao, wameziba midomo kama wenye maumivu ya meno, na vigelegele wakavimeza. Ilikuwa lelemama kabisa, ngoma ya wanawake wa kwetu. Nikacheza mabega peke yangu, kwa kuwa mabega hayakutiwa hina.

Alasiri mlango ukagongwa. Vinu vikanyamaza vyote kwa pamoja, na hapo tulikosea, maana kahawa ya kweli hainyamazi kwa sababu ya hodi.

Alikuwa askari wa lango la mji, mzee wa Kibulushi mwenye bunduki ndefu kuliko yeye. Baba akamkaribisha ukumbini, hatua chache kutoka kwenye pazia langu. Wakaulizana hali, hali za watoto, hali za mvua ambayo haikunyesha. Kisha askari akasema, "Tangu adhuhuri nimekaa pale kwenye kona. Kahawa gani hii, shekhe, inayotwangwa muda wote huu na haina harufu?"

Hilo hakuna aliyelifikiria. Kahawa ya Maskati hukaangwa kwanza, na moshi wake hufika mwisho wa kichochoro kabla mchi haujagusa kinu. Sisi tulianzia kwenye mlio.

Baba hakujua kudanganya. Akaanza kukohoa, na akaendelea kukohoa. Nilijua kikohozi kikisha atasema kweli, ataisema vibaya, kisha ataomba radhi kwa mambo ambayo hakuulizwa, na kesho tutafunga mizigo. Sijui sauti yangu ilitoka wapi. Nilisema kwa Kiarabu changu cha Unguja:

"Ammi, si kahawa. Ni harusi yangu. Ngoma hatuna, tuna vinu."

Hata kikohozi cha baba kilikatika. Askari akaomba avione. Bibi akavileta mwenyewe, akavipanga sakafuni mbele yake. Askari akachungulia kimoja kimoja, akakipindua kile kidogo, hakikutoka kitu. Kisha akatamka polepole, kama anayeandikisha, kwamba yeye ametumwa kutafuta ngoma, na ngoma ina ngozi, na humu ndani haoni ngozi ila za watu. Akainuka. Mlangoni akamgeukia bibi.

"Lakini kaangeni, mama. Mkubwa wangu atapita, naye ana pua."

Majiko matatu yakawashwa. Buni zetu zilipokwisha, majirani walewale wa vinu wakaleta zao. Vinu vikarudi kulia, wanawake wakacheza huku wakifuta machozi ya moshi, na baba akakaa mlangoni na kipepeo cha ukili akiupepea moshi utoke nje, mara ya kwanza maishani mwake kutaka watu wamjue yupo. Mkubwa akapita, akavuta pumzi, akaenda zake.

Kabla ya magharibi wakanipeleka kwa bwana harusi. Alikuwa mtu wa Ansab, kijiji cha nje ya Maskati, mtoto wa ami yake baba, hajapata kuiona Unguja; ndugu zake walifikia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipoachwa nami alinusa hewa, akanusa tena, akaniuliza kwa adabu kama kwetu bibi harusi hafukizwi udi, ila kahawa.

Niliona maelezo yatakuwa marefu. Nikasema ndiyo.

Mwaka uliofuata mdogo wake alioa. Mama mkwe wangu akatia kahawa kwenye chetezo, akakiweka chini ya kiti cha bibi harusi, na akasema kwa sauti, wageni wasikie, kwamba Ansab nako wanajua mila za watu wa Unguja. Msichana wa watu akapiga chafya mpaka jioni. Mimi nilikaa kando yake, nimeinamisha macho.