Nyama ya Mlima

Mwezi uliopita, kwenye majani yenye maji juu ya mlima wa Kundelungu, bibi mmoja mchimbaji wa viazi pori alinionyesha ua dogo la zambarau ambalo viazi vyake hutwangwa na karanga kupikia kikanda, andazi zito linalokatwa vipande kama nyama. Harufu ya karanga na magadi ikanirudia.

Nilikuwa mtoto, na Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo. Alasiri ile risasi zililia ng'ambo ya reli, nami kwa hofu nikakataa kula. Mama akanikatia kipande cha kikanda.

"Hii nyama ya nini?"

"Ya mulima, baba. Kula."

"Mifupa iko wapi?"

"Haina mifupa. Na haikimbiake bunduki."

Nikaamini yupo mnyama asiyeogopa. Nilikula chote, nikaomba kingine.

Sasa, pale mlimani, bibi aliinua jembe juu ya lile ua.

"Tuache hii, bibi," nikamwambia, "isije ikaisha."

Akacheka. "Unaogopa itakimbia?"

"Hapana," nikasema. "Hii haikimbiake."