Moto wa Bluu Chumbani mwa Mzazi

Jumatano, tarehe 10 Juni. Manyunyu tangu asubuhi, na ule upepo wa huku Mlandege unaopenya mpaka kwenye mifupa.

Nimekuja juzi kutoka Mbeya kumwona mdogo wangu aliyejifungua. Leo saa nane mchana nimeingia chumbani kwake nikamkuta anatapika kwenye beseni. Mtoto kalegea, hata kulia hataki. Miguuni pa kitanda kuna jiko la mkaa ambalo jana mchana halikuwepo, jekundu kabisa. Mlango ulikuwa umefungwa na dirisha limezibwa kwa khanga, maana huku mzazi hapigwi baridi.

Nikalibeba jiko hadi uani, nikarudi kuing'oa ile khanga. Mama mkwe wake akaja mbio.

"Wee mwanangu, unataka kumuua mzazi?"

"Mama, kinachomuua ni hili jiko."

"Lina moshi? Hebu tazama! Nimeliacha nje mpaka ule moto wa bluu ukaisha wote. Mimi si mtoto."

Jirani aliyeleta uji akacheka. "Tumeletewa mwalimu wa mkaa! Kwani huko Mbeya hakuna baridi?"

"Ipo, dada. Na mkaa nauona kila siku, nachoma mahindi stendi."

Niliishia darasa la saba, huenda hapa napindisha. Lakini mwalimu wetu alituonyesha: vile vindimi vya bluu juu ya mkaa ni hewa ya sumu inayoungua. Haina rangi wala harufu. Unaiona pale tu inapowaka. Bluu ikizimika, mkaa mwekundu bado unaitoa, sasa haiungui, unaivuta wewe. Yaani watu wanasubiri dalili iondoke, halafu wanaiingiza sumu yenyewe ndani, wanafunga mlango!

Kutojua si kosa, hata mimi mengi siyajui. Kilichonichoma ni kwamba mdogo wangu amelia kichwa tangu jana usiku, wakamwambia anadeka, eti uzazi wa kwanza.

Shemeji akakodi bajaji, tukaenda wote hospitali. Nesi akauliza moja tu: "Jiko mnaliweka wapi?" Kisha akasema yale yale yangu, tena kwa ukali zaidi. Mama mkwe akainamisha kichwa. "Ndiyo, mwanangu, tumesikia." Kumbe maneno yanahitaji sare nyeupe ndipo yasikike!

Wamewekewa hewa ya mtungi, wamelazwa. Saa kumi na moja nilikuwa kwenye benchi la nje nikamsikia mtoto analia kwa nguvu zote. Nami nikalia.

Niwe mkweli. Yule mama ndiye aliyeamka alfajiri kuchemsha maji ya kumkanda mzazi, na ile khanga ndiyo nzuri kuliko zake zote. Mimi nilipojifungua, mama yangu aliniwekea jiko vile vile. Nilikuwa nimeshafundishwa darasani, na sikufungua mdomo, nikiogopa kuitwa mjuaji. Hasira yangu ya leo sijui nusu yake ni ya nani.

Jioni tuliporudi nyumbani mama mkwe amepika nje, chini ya upenu, manyunyu yakimpiga mgongoni. Nikamwambia, "Mama, lete nikupokee mwiko." Akasema, "Kaa, mwalimu." Tumekula ugali na maharage. Ugali ulikuwa na madonge, nami nikaomba kuongezwa.