Fito Zilizotoa Majani

Walifika kwetu Pinga siku ya masomo, kwa hiyo sikuwaona wakiingia. Niliporudi nilikuta mwanamke ameketi kwenye benchi yetu ya nje, miguu imevimba, mtoto mdogo amelala mapajani mwake. Karibu naye msichana wa umri wangu alikuwa anamenya muhogo wetu kwa kisu chetu, kama mtu aliyezaliwa pale. Niliwasalimu kwa neno moja, nikapita nyuma ya nyumba. Nilikaa huko mpaka mama aliponiita kula.

Parokia ilikuwa imeomba kila nyumba yenye nafasi ipokee watu. Sisi hatukuwa na nafasi, ila papa, baba yangu, aliinua mkono. Mwanamke yule alikuwa ametoka kwenye milima ya upande wa Kitshanga, huko Masisi, pamoja na hao watoto wawili. Vita ilikuwa imewafikia mara ya tatu, na safari hii nyumba iliungua. Yeye na mume wake walipotezana njiani. Hayo aliyasema siku ya kwanza, mara moja, na hatukumuuliza tena. Tulimwita Mama wa Kitshanga. Walilala katika nyumba ya jiko, na papa alitandika shitingi ya plastiki juu ya paa mahali palipovuja.

Sitasema kwamba nilifurahi. Jiko njo mahali nilipokuwa ninaandikia, kwa sababu kuna joto na baada ya chakula hakuna mtu. Sasa kulikuwa na watu. Msichana wao aliniangalia siku mbili, ya tatu akasema:

"Wewe unaongea na kaye tu. Inakujibu?"

Nilifunga daftari langu.

"Basi mimi nitaongea, wewe andika." Akaanza habari ya ng'ombe wa jirani yao aliyezoea kuingia kanisani wakati wa sadaka. Sikuiandika siku ile. Ninaiandika sasa.

Baada ya wiki kadhaa Mama wa Kitshanga alimwambia mama, wakiwa wanatwanga sombe, majani ya muhogo: "Mama, kula vya bantu bengine kila siku kunachokesha mwili. Munitafutie hata kipande kidogo ya udongo."

Papa alikwenda kwa papa mukubwa, kaka yake, ambaye ndiye anayeangalia mashamba yote aliyoacha babu. Papa mukubwa akamwazima kipande ng'ambo ya kijito, kwa msimu mmoja. Akisha kuvuna, wataona.

Kwetu shamba la kuazima lina masharti ambayo hakuna aliyeyaandika. Unapanda kitu kinachoisha: maharagi, mahindi, viazi vitamu. Hupandi mgomba, hupandi kahawa, huchomeki mti. Mti ukishika, miaka ikapita, mtoto wako atasema hapa ni petu, mama alipanda mti huu, na wazee watamsikiliza. Mama wa Kitshanga aliyajua hayo kuliko mimi. Kwao ni vilevile.

Alipanda maharagi ya kwao, yale yanayopanda juu, kwa mbegu alizobeba ndani ya fundo la kitenge tangu nyumbani. Sisi hapa tunapanda yale mafupi. Wanawake waliopita njiani walimtania: "Mama, maharagi yako inatafuta mbingu?" Yeye alisema ndiyo, inatafuta, na nyinyi mutakuja kuomba ngazi.

Maharagi ya namna hiyo yanataka fito za kujizungusha. Akaniomba mimi: "Mutoto wangu, unitafutie fito. Kwetu tunatumia matete. Hapa sijue bantu banakata wapi."

Matete yako bondeni, ndani ya mashamba ya watu. Ili kukata lazima uingie uwanjani kwa mtu, usalimie, uulizwe habari ya papa na ya masomo, ndipo uombe. Nilifikiri juu ya hayo yote njiani. Kisha nikageuka, nikaenda nyuma ya nyumba yetu na panga, nikakata matawi ya mti wa mpaka. Ni ule ambao watu wanachomeka pembeni ya shamba ili kuonyesha lao linaishia wapi. Ukichomeka tawi tu, linashika. Nilijua hilo. Lakini nilipokuwa ninakata niliona fito nyoofu na sikuona kitu kingine. Niliyachonga matawi, nikayatoa majani yote, nikampelekea mizigo minne. Alinishukuru, na mimi na msichana wake tukachomeka.

Mvua zilinyesha vizuri mwaka huo. Maharagi yalipanda, yakatoa maua. Asubuhi moja kabla ya masomo nilipita shambani nikamkuta Mama wa Kitshanga anakwenda kutoka fito moja hadi nyingine, akinyofoa kitu kwa vidole viwili na kukitia ndani ya kitenge. Nilisogea. Yalikuwa majani mapya, madogo, ya kijani cha kung'aa.

"Inatoka kila siku," alisema. "Niking'oa fito, maharagi inavunjika. Imekwisha kujifunga."

Hakuniuliza nilikata wapi. Nilisema nitachelewa, nikaenda.

Papa mukubwa alifika shambani siku ya posho, Jumamosi. Mimi na msichana tulikuwa tunapalilia. Alisimama, akashika fito moja, akaitikisa. Haikutikisika.

"Mama, nilikupa shamba ya maharagi ao nilikupa pori?"

"Ya maharagi, Papa."

"Na hii njo nini? Hii ni fito ao ni mupaka?"

"Ilikuwa fito, Papa. Ilishika yenyewe."

"Yenyewe. Na majani unatoa kila asubuhi unaficha mu kitenge, nayo inajificha yenyewe? Bantu baliniambia." Aliongea polepole, bila hasira ya kuonekana. "Siku ya kwanza ya juma, kesho kutwa, fito zote zitoke. Na wewe nyuma yake."

Mama wa Kitshanga aliangalia maganda ya maharagi. Yalikuwa bado bapa, hayana kitu ndani. Yalihitaji kama wiki tatu. Mbegu zote za kwao zilikuwa pale; hakubakiza hata kikombe.

Alijua nani alileta fito. Msichana wake alijua. Hakuna aliyesema. Msichana aliniangalia mimi, na mimi niliangalia jembe langu mpaka papa mukubwa akavuka kijito. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuiandika kwa namna nyingine.

Jioni ile jikoni msichana hakunieleza hadithi yoyote. Aliuliza tu: "Kaye imekuambia nini?"

Kesho yake, baada ya misa, papa mukubwa alikuja kwetu kumwambia papa aliyoamua. Nilikuwa ninaleta maji ya kunawa. Niliweka beseni chini, nikasema: "Njo mimi nilikata fito."

Ilibidi nirudie, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nimeliambia beseni.

"Ulikata wapi?"

Nilimpeleka nyuma ya nyumba. Mpaka wetu ulikuwa umenyolewa kama kichwa cha mtoto mwenye upele. Aligusa mikato, moja baada ya nyingine.

"Muti huu unaujua?"

"Ninaujua."

"Matete haukuyaona?"

"Iko mu mashamba ya bantu. Ilikuwa lazima kuomba."

Alifuta vidole kwenye suruali. "Ulikuwa na haya ya kuomba matete, ukaenda kuweka mupaka mu shamba yangu." Papa alijifanya anakohoa. Papa mukubwa hakucheka, lakini aliketi tena kwenye benchi, na mama akaona nafasi, akamwita Mama wa Kitshanga.

Yeye alisema maneno machache. "Papa, tuzibambue ganda kule chini, karibu na udongo, kuzunguka fito yote. Muti itakufa yenye kusimama. Maharagi itabaki."

"Yote?"

"Yote. Wewe mwenyewe utaangalia."

Siku hiyo ya kwanza, Jumatatu, sikuenda masomo. Tulipiga magoti ndani ya matope, mimi, msichana na mama yake, kila mtu na kisu, na papa mukubwa alipita nyuma yetu akitoboa kwa ukucha kuona kama ganda limeisha. Mahali pengine alisema rudia. Vidole vyangu vilikuwa vyeusi kwa utomvu wiki nzima, na profesa aliniuliza mbele ya darasa lote nimeshika nini.

Majani yalianza kunyauka taratibu. Maganda ya maharagi yalijaa, yakakauka. Wakati wa kuvuna tuling'oa fito, tukazibeba nyumbani kuwa kuni, na maharagi ya kwanza yakapikwa juu yake. Hazikuwaka vizuri, ndani zilikuwa bado mbichi, na moshi ulitutoa machozi wote. Mama wa Kitshanga aliweka mbegu pembeni kwanza, ndani ya fundo lilelile la kitenge. Kisha akajaza kitunga cha mwenye shamba, kama inavyotakiwa, na akaniambia tukipeleke pamoja.

Papa mukubwa alitia mkono ndani ya kitunga, akageuza maharagi, akauma moja. Hakumwangalia Mama wa Kitshanga. Aliniangalia mimi.

"Musimu ijao," alisema, "utaenda kuomba matete. Wewe mwenyewe."

Nilisema ndiyo.