Pointi Moja ya Gitega

Amissi Ramazani alikuwa fundi wa baiskeli pale Jabe, na jioni zote alizojaliwa na Mungu alikuwa kocha wa Tujikaze, timu ya mtaa. Mshahara wa ukocha ulikuwa salamu. Mke wake alizoea kusema kwamba ameolewa na timu nzima na bado hajapewa hata jezi. Amissi alicheka tu. Ukiacha dini yake, alikuwa na imani moja duniani: kwamba mpira hauna ndugu. Katika mji ambao mtu aliulizwa ukoo wake kabla ya kuulizwa hali yake, aliona uwanja ndio mahali pekee ambapo goli ni goli, alifunge mtoto wa waziri au mtoto wa muuza ndagala.

Mwaka 1998 mtu mwenye imani ya namna hiyo alikuwa wa kuonewa huruma. Vita vilikuwa na miaka mitano, nchi jirani zilikuwa zimetufungia mipaka, na petroli ilipatikana kwa kujuana. Hata hivyo Tujikaze walikuwa wakicheza mpira wa kutisha. Ilibaki mechi moja ligi ya daraja la pili imalizike, nao walikuwa wakiongoza. Walihitaji sare tu kule Gitega, mji wa milimani, ili wapande daraja la kwanza.

Barua ya ligi ilikuwa imekuja zamani, mwezi wa tatu. Valéry, katibu wa timu na mwalimu wa shule ya msingi, aliisoma kwa Kifaransa chake kilichonyooka, kisha akawafasiria. Timu itakayopanda lazima iwe na dhamana benki, na mdhamini anayejulikana. Isiyo navyo itabaki ilipo.

Amissi alikuwa ananyoosha rimu ya gurudumu. “Izo ni mambo ya karatasi,” alisema. “We shinda kwanza. Mutu akisha shinda, nani atamufukuza?”

“Bameandika, Amissi. Na muhuri iko.”

“Hata mi niko na muhuri,” Amissi akajibu, akainua kidole gumba kilichojaa grisi. Wachezaji wakacheka mpaka wakashika mbavu. Valéry naye alicheka, akaikunja barua.

Sasa ilikuwa mwezi wa sita, na Gitega ilikuwa mbali kuliko Makka. Barabara ilikuwa na waviziaji. Magari yalipanda kwa msafara, askari mbele na nyuma, na nafasi kwenye lori ilikuwa ya mwenye nacho. Timu isiyofika uwanjani ilihesabiwa imefungwa tatu bila. Makocha wengine wangekwenda kumpigia mtu magoti. Amissi alitazama karakana yake, akaona baiskeli kumi na nne za wateja zimening’inia. Wauza ndizi wa milimani walipanda kurudi Bugarama, kwenye njia hiyo hiyo ya Gitega, kila siku bila kukanyaga pedeli: mtu analidaka lori kwa nyuma kwa mkono mmoja, linamvuta mpaka juu. Kama muuza ndizi anaweza, beki atashindwaje? Wateja wakaambiwa baiskeli zao zinangoja vipuri.

Aliyekataa ni mmoja tu, naye hakuwa mchezaji. Daphrose aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, sokoni Jabe, na beki wa kati wa Tujikaze, Byamungu, alikuwa mtoto wake wa pekee.

“Apana, Papa Yasmina,” alimwambia Amissi, akimwita kwa jina la binti yake. “Ile njia inakula bantu.”

“Mama Byamungu, bila yeye batatufunga. Ni pointi moja tu. Tukipanda, batamulipa kila mwezi. Utaacha kukaa ku jua.”

Daphrose akaenda kutia makaa kwenye pasi, ainyooshe bukta ya mwanawe. Amissi aliona ameshinda, akaondoka anapiga mluzi.

Walifika Gitega wakiwa wekundu kwa vumbi, mikono imekufa ganzi. Walicheza kwa ukaidi tu, maana nguvu hazikuwepo. Dakika ya themanini na kitu kipa alitoka vibaya, mpira ukampita, na Byamungu akautoa kwenye mstari kwa kichwa. Sufuri kwa sufuri. Walilala kwenye darasa la shule wakiimba mpaka sauti zikakauka, na Amissi alilia mbele ya vijana wake bila aibu yoyote.

Kesho yake walidaka msafara wa kurudi. Kwenye mlima wa kabla ya Bugarama risasi zilisikika mbele, mbali, chache tu. Lori la kwanza likafunga breki. Wachezaji wakaachia malori na kujitupa kwenye mtaro. Byamungu alikuwa ameushika mnyororo wa lori kwa vidole vilivyochoka, akachelewa kidogo, na lori lililokuwa nyuma halikuwahi kusimama, likampitia. Hata risasi haikumgusa. Walimshusha mjini juu ya magunia ya viazi.

Mtaa mzima ulimzika. Mchana wa matanga, Daphrose alisema kwa sauti iliyokauka kwamba angalau mwanawe ameacha kitu, watu wa Jabe wataona timu yao juu na watamtaja. Amissi alilishika neno hilo. Ndilo lililomwezesha kula na kufungua karakana, na kuwatazama usoni wateja waliokuja kuuliza baiskeli zao.

Wiki tatu baadaye alikwenda na Valéry kwenye ofisi ya ligi. Orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni. Iliyopanda ni Espérance, timu ya Pierre, tajiri aliyevuna pesa za mafuta wakati watu wanatembea kwa miguu. Jabe waliiita Timu ya Mazuti, yaani ya dizeli. Ilikuwa imeshika nafasi ya tatu. Tujikaze waliifunga nyumbani, wakaifunga na ugenini.

“Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama,” Amissi alimwambia katibu wa ligi, bwana mmoja aitwaye Xavier. “Leo nyama anakula mwenye bucha?”

Xavier hakuwa mtu wa dharau, na afadhali angekuwa. Alifunga faili taratibu. “Mwaka jana tulipandisha timu mbili kwa pointi,” alisema. “Zote mbili zilikufa katikati ya msimu. Hazikuwa na nauli, hazikuwa na dawa. Barua tuliwaandikia.”

“Tulienda mpaka Gitega! Na velo, baiskeli za bantu!”

“Nilisikia,” Xavier alisema. “Nyinyi munaona ni sifa. Mi naona mulimuzika mutu.”

Amissi alikuwa amekuja na hasira ya haki, hasira tamu inayomnyoosha mtu mgongo, na bwana yule aliichukua yote kwa sentensi moja. Kuku wa maskini hatagi, ndivyo wasemavyo. Wa kwake alikuwa ametaga, na yai limechukuliwa. Lakini aliyempeleka yule kijana barabarani hakuwa Pierre wala Xavier. Njia nzima ya kurudi Valéry hakusema “nilikuambia”. Amissi angemshukuru kama angesema, apate wa kugombana naye.

Daphrose alikuwa sokoni, mbele ya sinia lake la ndagala. Alimkaribisha Amissi kwenye kigoda kilichobaki wazi kando yake.

“Papa Yasmina, mechi ya kwanza ni siku gani? Nitafunga mapema, nikuje kuangalia.”

Angeweza kumdanganya mpaka Septemba, ligi ianzapo. “Hatukupanda, mama,” alisema. “Baliangalia dhamana, benki. Pointi hawakuangalia.”

“Ile pointi ya Gitega?”

“Hawakuiangalia.”

Mteja alisimama, akapimiwa ndagala, akalipa na kwenda zake. Daphrose alifuta mikono kwenye kitenge.

“Kama mungefungwa kule?”

“Ingekuwa vile vile.”

“Na kama mungebaki hapa, mulale mu nyumba zenu?”

Pande zote za soko watu walikuwa wanabishana bei kama kila siku.

“Vile vile, mama.”

“Asante kwa kuniambia,” Daphrose akasema. “Sasa amuka ku kiti cha mutoto wangu.”